Nimeletewa barua mbili za wanafunzi wa fildi. Mwajiri mdogo anapata nini akiwapokea?

Alizeti_Sgd (Singida), ameanzisha mada

Wakuu, habari za jioni.

Nina kiwanda kidogo cha kukamua alizeti hapa Singida. Kidogo kweli: mashine mbili, chujio moja, watu sita nikiwamo mimi. Juzi nimepokea barua mbili kwa siku moja. Ya kwanza imetoka chuo cha VETA, wanamwombea nafasi kijana anayesomea ufundi mitambo. Ya pili ni ya binti wa chuo kikuu, mwaka wa pili, anasomea sayansi na teknolojia ya chakula. Yeye ni mwenyeji wa huku, anataka kufanya mafunzo kwa vitendo nyumbani ili asilipe pango. Wote ni wiki nane kuanzia katikati ya Julai.

Sasa Julai ndiyo nimezama. Alizeti imevunwa Mei na Juni, magunia yanaingia mpaka usiku, na wakulima wanaotaka kukamuliwa wamekaa nje wanasubiri zamu. Nikimtoa mzee wa mashine amfundishe mtu, nani atakamua? Hofu ya pili ni usalama, maana mkono wa shati ukishikwa na mkanda wa ile mashine hakuna wa kuutoa. Ya tatu naisema wazi: bei ninazonunulia na majina ya wateja wangu ndiyo biashara yenyewe, na mtu wa wiki nane anaondoka navyo kichwani.

Jirani yangu mwenye mashine ya kusaga ananiambia chukua wote wawili, ni nguvu kazi ya bure. Hilo sitaki. Sitaki kumtumikisha mtoto wa mtu wiki nane halafu nimgongee muhuri aende.

Ninachouliza ni hiki: mwajiri wa ukubwa wangu anafaidika na nini hasa? Waliowahi kupokea wanafunzi naomba mnieleze mliyoyaona kwa macho yenu. Barua zote zinataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi.

Printa_Kariakoo (Dar es Salaam)

Mkuu, mimi nitakuwa tofauti na watakaofuata. Usichukue.

Nina ofisi ya uchapaji, tuko watatu. Nilichukua kijana wa fildi mwaka juzi. Wiki ya kwanza alikaa kwenye kiti cha wateja anaangalia simu. Wiki ya pili nikampa kazi ya kukata kadi, akakata bando zima nje ya alama, kadi za harusi za watu, nikarudia kwa gharama yangu usiku kucha. Baada ya hapo nilimwambia akae tu mpaka siku zake ziishe. Mwisho akaleta fomu ya tathmini nimjazie alama. Nilijaza kwa kumwonea huruma.

Muda wa kumfundisha mtu anayeondoka kesho, bora umfundishe wako anayebaki.

MamaMtindi (Morogoro)

Kaka Alizeti, pole na msimu. Nitaandika kirefu, nisamehewe, maana jambo hili limenigusa.

Nasindika maziwa hapa Morogoro, mtindi na maziwa freshi ya mifuko. SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ni jirani zetu, kwa hiyo barua hazikosi, na huu ni mwaka wa sita napokea wanafunzi. Nitakueleza mwaka niliokosea na mwaka ulionifungua macho.

Mwaka wa kwanza nilifanya kama anavyosema jirani yako. Nilimpokea kijana, nikampa beseni na brashi, akaosha chupa wiki nane. Siku mwalimu wake alipokuja kumkagua alifungua logibuku mbele yangu, kile kitabu wanachoandika kazi za kila siku. Kurasa zote: nimeosha chupa, nimeosha chupa, nimesaidia kubeba kreti, nimeosha chupa. Mwalimu hakunilaumu, alifunga kitabu taratibu akakiweka juu ya meza. Mpaka leo nikikumbuka uso wa yule kijana naumia. Alikuwa na adabu, alikuwa anawahi kufika kuliko watu wangu, na mimi nilimnyima kile alichokuja kutafuta. Nami nilipata nini? Chupa safi, ambazo kibarua wa siku angeziosha.

Mwaka wa tatu akaja binti. Wakati huo nilikuwa na ugonjwa kiwandani ambao tulikwishauzoea. Kama mara mbili kwa mwezi mtindi ulikuwa unakataa. Jioni tumetia mbegu vizuri, tumefunika ndoo, asubuhi ukifunua unakuta maji ya njano yamejitenga juu na mtindi umekatika vipande chini. Lita 60 kila mara, hauuziki. Tulikuwa na sababu zetu: mara mbegu ya mtindi imechoka, mara maziwa ya mfugaji fulani mepesi, mara umeme ulikatika usiku. Kila mtu kiwandani alikuwa na yake.

Nilimpa binti kaunta buku nikamwambia andika kila tunachofanya: saa, joto, nani amepima, mbegu imefunguliwa lini, na asubuhi mtindi umetokaje. Sikuwa na hesabu yoyote kichwani, nilitaka tu asioshe chupa.

Siku ya nne akaniuliza, "Mama, kwa nini mnapoza maziwa mpaka nyuzi 43 ndipo mtie mbegu?"

Nikamjibu ndivyo nilivyofundishwa.

"Na mnapima na kipimajoto kipi? Kile cha betri au kile cha mshale?"

Nikamwambia chochote kilicho karibu. Akaandika. Kuanzia siku hiyo akawa anaandika pia kipimajoto kilichotumika.

Siku ya kumi na moja mtindi ukakataa. Wiki moja mbele ukakataa tena. Akafungua daftari lake: mara zote mbili kilitumika cha mshale. Hakuja kuniambia papo hapo. Alichemsha maji kwenye sufuria, akatumbukiza vyote viwili pamoja, ndipo akaniita. Cha betri kilisoma 98. Cha mshale kilisoma 93. Akanieleza kwamba hapa Morogoro tuko kama mita 500 juu ya bahari, hivyo maji yanachemka karibu na nyuzi 98, si 100 kama pale Dar. Cha betri kilikuwa kinasema kweli, cha mshale kilikuwa kinatudanganya nyuzi tano.

Maana yake siku za kile cha mshale, tulipodhani maziwa yamepoa mpaka 43, tulikuwa tunatia mbegu kwenye 48. Bakteria wa mtindi wanapenda 42 mpaka 45. Ukizidisha, mgando unakuwa dhaifu na maji yanajitoa. Basi. Ndiyo ulikuwa ugonjwa wetu wa zaidi ya mwaka.

Halafu akasema jambo lililonitetemesha. "Mama, afadhali kilikuwa kinasoma chini. Kingekuwa kinasoma juu, mkipasha maziwa mngedhani mmefikisha 63 kwa nusu saa kumbe hamjafika, na vijidudu vingebaki kwenye maziwa ya watoto."

Nilikitoa kile kipimajoto nikakivunja mwenyewe. Sasa kila Jumatatu tunapima vilivyobaki kwenye maji yanayochemka na kwenye barafu inayoyeyuka, ambako lazima visome 0.

Hesabu nikupe, wewe ni mfanyabiashara. Nilimlipia yule binti chakula cha mchana 3,000 na nauli 1,500 kwa siku. Siku 40 za kazi, jumla 180,000. Mtindi niliokuwa namwaga ni lita 120 kwa mwezi, na maziwa wakati huo nilikuwa nanunua 1,300 kwa lita, yaani 156,000 kila mwezi. Hapo sijaweka gesi, wala duka lililokosa mzigo likaenda kununua kwa mwingine.

Nimejiuliza sana kwa nini sisi wenyewe hatukuona. Nina mfanyakazi wa miaka saba, mwerevu, mkono wake kwenye maziwa nauamini kuliko wangu. Lakini yeye akiuliza "kwa nini tunafanya hivi" wenzake watasema hajui kazi, na mimi bosi naweza kudhani ananipinga. Anaona, ananyamaza. Mwanafunzi ameletwa aulize. Barua ya chuo imempa ruhusa ambayo hakuna mtu wangu mwingine anayo. Kaka, faida kubwa iko hapo, na huipati ukimfungia kwenye beseni la chupa.

Mengine yalikuja yenyewe. Ilibidi tumweleze kazi mtu asiyejua, tukagundua kwamba kila mmoja wetu ana maelezo yake. Tukaandika hatua kwenye karatasi kubwa, tukabandika ukutani, na mtu mgeni akija leo anaanzia pale. Yule mfanyakazi wa miaka saba nilimfanya msimamizi wa wanafunzi. Alikuwa mtu wa kuitikia tu, sasa anasimama mbele ya wakaguzi wa TBS, Shirika la Viwango, anaeleza kazi kutoka mwanzo mpaka mwisho bila kuniangalia usoni.

Na yule binti alipomaliza chuo nilimwajiri. Sikumfanyia usaili. Wiki nane nilikuwa nimeshaona anafanyaje umeme ukikatika saa kumi na moja alfajiri na maziwa yako kwenye pipa.

Ndugu yangu Printa, pole kwa kadi zile. Nakuuliza kwa heshima: siku ya kwanza ulimpa nini cha kufanya, na ulimweka chini ya nani?

Printa_Kariakoo

Mama, nitasema ukweli. Siku ya kwanza sikumpa kitu, nilimwambia angalia angalia kwanza. Hakuwa chini ya mtu. Na ile kazi ya kukata sikumwonyesha, nilidhani anajua kwa sababu anasomea uchapaji.

Kwa hiyo sehemu ya kosa ni yangu, nakubali. Ila nabaki pale pale kwa jambo moja. Ofisi ya watu watatu yenye oda za papo kwa papo haina mtu wa kumweka karibu na mwanafunzi. Wewe unasema msimamizi. Kwangu msimamizi ndiye mimi, ndiye mhasibu, ndiye anayefuata karatasi sokoni.

MamaMtindi

Hapo uko sahihi na sitabishana. Kama hakuna wa kumpa hata nusu saa asubuhi na robo saa jioni, usimpokee, mwandikie chuo mapema kwamba mwaka huu huna nafasi. Anayekataliwa mapema atapata pengine. Kumpokea halafu kumkalisha kwenye kiti cha wateja ni kumpotezea mwaka.

Fundi_Pampu (Mbeya)

Naomba kuongea kutoka upande wa mwanafunzi, maana mimi nilikuwa yeye miaka minne iliyopita.

Nilifanya fildi kwenye karakana inayotengeneza pampu za maji na mashine za kusaga. Bosi alikuwa mkali na maneno yake machache. Siku ya kwanza alinipeleka stoo, chumba cha giza, taa moja, akaniambia, "Humu sijui nina nini. Wiki hii nataka kujua nina nini."

Nilidhani ananidharau. Nilitaka magari, nilitaka kulehemu. Lakini nilifanya. Nilitoa kila kitu nje kwenye turubai, nikafuta grisi, nikasoma namba. Beringi za 6205, zile zinazotumika kwenye mota nyingi ndogo, zilikuwa 14 ndani ya boksi la biskuti, wakati wiki iliyopita mafundi walikuwa wamenunua nyingine sita mjini kwa bei ya haraka. Mikanda ya saizi moja ilikuwa sehemu tatu tofauti. Niliandika yote kwenye Excel, nikabandika lebo kwenye rafu, nikaweka karatasi mlangoni ya kuandika kinachotoka.

Bosi aliisoma ile orodha amesimama, kurasa zote, halafu akamwita fundi mkuu akamwambia kuanzia kesho huyu kijana akae na wewe. Wiki saba zilizobaki nilijifunza mambo ambayo darasani niliyaona kwenye mchoro tu. Nilimaliza chuo nikapata nafasi mbili, moja ina mshahara mkubwa zaidi Dar. Nilirudi Mbeya kwa yule mzee, kwa sababu alinipa kazi ya kweli siku ya kwanza na akasoma nilichoandika.

Mkuu Alizeti, mwanafunzi anajua ndani ya siku tatu kama umempokea au umemvumilia. Na anakwenda kuwasimulia wenzake. Kwenye kundi letu la WhatsApp la darasa tuliandikiana karakana za kwenda na karakana za kukwepa, na wale wa mwaka wa chini yetu walifuata orodha ile ile. Ukitaka vijana wazuri wakutafute wao, inaanzia hapo.

Mhasibu_Dodoma

Kwa kifupi upande wa karatasi.

Soma barua ya chuo uone wanachotaka kwako: msimamizi mwenye jina, kusaini logibuku kila wiki, na fomu ya tathmini mwishoni. Mwenye mkopo hupewa na Bodi ya Mikopo fungu la mafunzo kwa vitendo, lakini si wote wana mkopo, na wenye mkopo si wote wanapata kwa asilimia mia. Muulize mwenyewe, kwa faragha, anafikaje kazini. Nauli na chakula si lazima ila vinatenganisha anayefika saa moja na anayefika saa nne.

Mratibu wa chuo muulize habari ya bima kabla mwanafunzi hajaanza. Mtu akiumia ndani ya kiwanda chako, awe mwajiriwa au asiwe, wewe ndiye utakayeulizwa.

Na siri za biashara, mwandikie ukurasa mmoja wa makubaliano ya kutotoa taarifa, asaini. Ni jambo la kawaida, haoni vibaya.

Nyongeza kwa wenye viwanda vikubwa kidogo: tangu 2021 tozo ya SDL, ile ya kuendeleza ufundi stadi, inawahusu waajiri wenye wafanyakazi 10 na kuendelea, zamani ilikuwa 4. Sehemu ya fedha ile inakwenda VETA. Mnaolipa tayari mnachangia kumsomesha kijana huyo, sasa kwa nini msimwone akifika mlangoni? Mkuu Alizeti wewe na watu sita haikuhusu.

Alizeti_Sgd

Nimesoma yote mara mbili, na jana usiku nimemsomea mke wangu ya Mama Mtindi. Asanteni sana.

Mama, nina maswali mawili. La kwanza: wewe kipindi cha fildi kwako ni kiangazi, maziwa machache, una nafasi ya kufundisha. Kwangu ndiyo msimu wenyewe. Huoni kama ni tofauti? La pili: kama ni kuchagua mmoja, nimchukue nani, fundi mitambo au binti wa chakula?

MamaMtindi

Ni kweli kwangu Julai hadi Oktoba maziwa hupungua, nina pumzi. Lakini mwanangu fikiri hivi: ukiwa msimuni ndipo kila kosa linakugharimu, na ndipo huna mtu wa kuandika. Mpe kazi ambayo leo haifanyiki kabisa, usimpe ya mtu mwingine. Hapo hamwondoi mzee kwenye mashine.

Kwako naiona moja. Apime. Gunia linaloingia, kilo ngapi. Mafuta yanayotoka, kilo ngapi. Mashudu, kilo ngapi. Mbegu imekaa juani muda gani, nani alikuwa kwenye mashine. Kila gunia analoweza, kila siku. Sijui alizeti, lakini najua kwamba usichokiandika unakibishania.

Kuhusu nani, mpokee binti sasa kwa kazi hiyo. Kijana wa VETA mpokee pia kama mzee wa mashine anamkubali, na hilo umuulize mzee mwenyewe, usimwamulie. Na kabla hata mmoja hajakanyaga hapo, funika ule mkanda uliousema. Hilo usisubiri mwanafunzi.

Alizeti_Sgd (wiki ya tano)

Wakuu, naleta mrejesho.

Niliwapokea wote wawili. Mzee wa mashine nilimuuliza, akanijibu kwamba hajawahi kuulizwa jambo kama hilo tangu aanze kazi kwangu. Akasema mlete. Mkanda niliufunika kabla, mchomeleaji alinitoza 85,000 kwa kava mbili za bati na wavu. Watu wangu wamekuwa wakipita karibu na ule mkanda miaka yote na mimi niliwaza kuufunika kwa sababu ya mtoto wa mtu mwingine. Nimewaomba radhi kwenye kikao cha asubuhi.

Kijana wa VETA na mzee wameelewana. Wiki iliyopita walifungua mashine ya pili Jumapili, na kijana ameichora sehemu kwa sehemu na kuziandika majina kwa mkono wake. Mchoro uko ukutani. Nilikuwa namtegemea mzee peke yake kwa mashine ile, akiumwa tunasimama. Sasa yapo maandishi.

Binti nimempa mizani. Mizani ninayo siku zote, tulikuwa tunapimia mashudu ya kuuza tu. Alizeti tulikuwa tunanunua kwa gunia, kwa macho, tunahesabu gunia ni kilo 65. Kwenye hesabu zangu gunia lilitakiwa linipe lita 17, na kulikuwa na siku napata 15. Siku hizo nilimgombeza mzee kwamba amekaza mashine vibaya. Nimemgombeza mara nyingi.

Binti amepima magunia 212 kwa wiki nne. Jepesi kuliko yote lilikuwa kilo 58. Zito kuliko yote 71. Akagawanya mafuta kwa kilo badala ya gunia, na zile siku zangu mbaya zikapotea karibu zote. Mashine ilikuwa inakamua vile vile, mimi ndiye niliyekuwa nanunua gunia pungufu kwa bei ya gunia kamili, na wakati mwingine nanunua la kilo 71 na kumpunja mkulima bila kujua. Tangu Jumatatu nanunua kwa kilo. Wakulima wawili walilalamika, wengine wamefurahi, na mmoja aliyekuwa na magunia yaliyoshiba ameniletea jirani zake.

Mzee nilimwita pembeni nikamwomba msamaha kwa maneno yote niliyomwambia. Alinyamaza kidogo, akasema, "Nilikuwa najua magunia hayalingani. Sikujua naanzia wapi kukwambia." Mama Mtindi, hapo nilikukumbuka.

Jana asubuhi binti alinijia na swali na sikuwa na jibu. Sisi kabla ya kukamua tunaanika mbegu juu ya turubai siku mbili ipate joto. Ameuliza kwa nini mbili na si moja. Baba yangu alianika mbili, nami naanika mbili. Tumegawa magunia kumi ya mkulima mmoja, matano yamekuwa juani tangu jana, matano yameanikwa leo, na unyevu anaupima kwa kukausha sampuli jikoni na kupima tena uzito. Tunakamua kesho saa mbili. Kama kuna mkamuaji wa Dodoma au Manyara amewahi kulinganisha, naomba aniandikie alichopata kabla hatujaanza.